Je, kubeba bastola kwa ajili ya kujihami kunamfanya mtu awe salama zaidi?

Msomaji Makini ameuliza:

Ndugu zangu, salaam. Nimefuatilia kwa muda mrefu mjadala kuhusu raia kubeba bastola kwa ajili ya kujihami, na kadiri ninavyosoma ndivyo ninavyozidi kuona kwamba wanaobishana hawazungumzii jambo moja. Upande mmoja unasema mhalifu humwogopa mtu mwenye silaha, na kwamba bastola iliyo kiunoni ndiyo msaada pekee unaofika kabla ya polisi. Upande wa pili unasema silaha hiyohiyo huishia kumdhuru mwenyewe au watu wa nyumbani kwake mara nyingi zaidi kuliko inavyomdhuru jambazi. Kila upande una takwimu zake. Nimesoma mahali kwamba Wamarekani hutumia bunduki kujihami mara milioni 2.5 kwa mwaka, kisha nikasoma kwingine kwamba idadi hiyo haifiki hata laki moja. Hesabu mbili za jambo lilelile, katika nchi ileile, haziwezi kupishana zaidi ya mara ishirini na zote zikawa kweli.

Naomba tusijadili haki ya kumiliki silaha, kwa kuwa hilo ni suala la katiba na sheria za kila nchi. Ninachouliza ni usalama wenyewe. Ukichukua watu wawili wanaofanana kwa kila hali, mmoja akaanza kutembea na bastola na mwingine asitembee nayo, ni yupi mwenye uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa hai na mzima baada ya miaka kumi? Na hali ya wale wanaoishi naye itakuwaje?

---

Mtakwimu amejibu:

Ndugu Msomaji Makini, nianze na tofauti ya zile hesabu mbili, maana ukiielewa utakuwa umeelewa sehemu kubwa ya ugomvi huu.

Idadi ya milioni 2.5 ilitolewa na Gary Kleck na Marc Gertz katika makala yao ya mwaka 1995. Walipiga simu kwa watu wazima karibu 5,000 na kuwauliza kama katika kipindi kilichopita waliwahi kutumia bunduki kujihami. Waliosema ndiyo kwa mwaka mmoja uliopita walikuwa zaidi kidogo ya asilimia 1, na asilimia hiyo ikazidishwa kwa idadi ya watu wazima wote wa Marekani, ambao wakati huo walikuwa karibu milioni 190. Tatizo liko hapo. Unapouliza juu ya jambo linalowapata watu wachache sana, kosa dogo kabisa katika majibu hugeuka kuwa kosa kubwa mno katika jumla. Kati ya kila watu mia moja, akitokea mmoja tu aliyechanganya miaka, aliyekuza kisa, au aliyehesabu ugomvi kuwa ni kujihami, tayari umepata karibu milioni mbili za matukio ambayo hayakutokea. David Hemenway alilieleza jambo hili mwaka 1997, akaonyesha pia kwamba majibu yale yakichukuliwa yalivyo, wahalifu waliojeruhiwa na watu waliokuwa wakijihami wangekuwa kama laki mbili kwa mwaka, ilhali majeruhi wote wa risasi waliotibiwa hospitalini, wawe wahalifu au wasiwe, walikuwa kama laki moja.

Hesabu ndogo hutoka katika utafiti wa kitaifa wa waathirika wa uhalifu, ambao huanza kwa kumuuliza mtu kama alishambuliwa au kuibiwa, na akisema ndiyo ndipo huulizwa alifanya nini. Njia hiyo hupunguza majibu ya uongo, ingawa nayo inaweza kuwaacha nje watu wasiopenda kumweleza ofisa wa serikali kwamba walitoa bunduki. Kwa maoni yangu ukweli uko karibu zaidi na hesabu ndogo, na ninasema hivyo nikijua kwamba hata matumizi elfu sitini au laki moja ya kujihami si jambo la kubezwa.

Kuhusu athari kwa jamii nzima, mwaka 1997 John Lott na David Mustard walidai kwamba majimbo yaliyorahisisha utoaji wa vibali vya kubeba silaha yalipata nafuu ya uhalifu. Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani lilipitia ushahidi huo na kutoa ripoti mwaka 2004 likisema kwamba haukutosha kuthibitisha kupungua wala kuongezeka. Mwaka 2019, John Donohue na wenzake, wakiwa na data za miaka mingi zaidi, walilinganisha kila jimbo lililobadilisha sheria na mchanganyiko wa majimbo mengine yaliyokuwa na mwenendo sawa nalo kabla ya mabadiliko. Wakaona kwamba baada ya miaka kumi uhalifu wa kutumia nguvu ulikuwa juu kwa asilimia 13 hadi 15 kuliko ulivyotarajiwa. Huo si msumari wa mwisho, lakini dai la kwamba bunduki nyingi mitaani hupunguza uhalifu limedhoofika sana.

Tahadhari moja. Utakutana na utafiti wa Philadelphia wa mwaka 2009 uliokuta kwamba waliokuwa na bunduki walipigwa risasi katika mashambulizi kwa uwezekano wa zaidi ya mara nne kuliko wasiokuwa nayo. Usiuchukue kwamba bunduki ndiyo iliyowaletea risasi. Mtu anayejua kwamba anawindwa ndiye anayeanza kubeba silaha, na utakuwa umepima hatari aliyokuwa nayo tangu mwanzo. Watafiti wale walijaribu kurekebisha tofauti hizo, ila sidhani kama zinaweza kuondolewa zote.

---

Mkufunzi wa Shabaha amejibu:

Mimi hufundisha watu kutumia bastola, kwa hiyo sitagusa takwimu za majimbo. Nitaeleza kinachotokea katika zile sekunde mbili tatu ambazo kila mnunuzi huziwazia lakini wachache huziwazia sawasawa.

Mwaka 1983 Dennis Tueller, askari polisi wa Salt Lake City, alipima muda ambao mtu mwenye kisu hutumia kukimbia futi 21, yaani mita sita na kidogo. Alikuta ni sekunde moja na nusu hivi, ambao ndio muda uleule anaouhitaji askari aliyefunzwa kuchomoa bastola na kufyatua. Huyo ni askari ambaye bastola yake iko wazi kiunoni. Raia huificha chini ya shati, kwa hiyo mkono wa kushoto uinue nguo, wa kulia ushike mpini vizuri, bastola itoke bila kunasa kitambaa, kidole kibaki nje ya kifyatulio hadi mtutu uelekee mbele, na yote hayo yafanyike wakati moyo unakwenda mbio na vidole vimekufa ganzi. Nimewaona wanafunzi wangu, watu wazima wenye utulivu, wakishindwa kuinua shati lao wenyewe kwa sababu tu nilipiga filimbi ghafla nyuma yao.

Kisha kuna suala la kukoki, yaani kuingiza risasi chemba, pale inapofyatuliwa. Ukiiacha bastola bila risasi chemba, utahitaji mikono miwili na sekunde usizokuwa nazo. Ukitembea nayo ikiwa imekokiwa, kila unapoketi, unapokwenda chooni au unapombeba mtoto, una chuma kinachongoja kuguswa tu. Hakuna namna ya kukwepa uchaguzi huo, na anayekuuzia hakuelezi.

Jambo la tatu ni shabaha. Ripoti ya shirika la utafiti la RAND ya mwaka 2008 kuhusu polisi wa New York ilionyesha kwamba askari walipojibizana risasi na mtu, ni asilimia 18 tu ya risasi zao zilizompata. Na hata pale ambapo mtu huyo hakufyatua, zilizompata zilikuwa asilimia 30. Hao ni watu wanaolipwa kufanya mazoezi. Wanafunzi wangu huniuliza jinsi ya kupata shabaha nzuri zaidi, nami huwauliza zile risasi nne kati ya tano zilikwenda wapi.

Sisemi kwamba bastola haifai kitu. Mara nyingi kuionyesha tu kunatosha. Hata hivyo mshambuliaji ndiye anayechagua saa na mahali, na mara nyingi unapogundua kwamba umeshambuliwa, ule muda wa kuchomoa umekwisha kupita.

---

Haki ya Kujihami amejibu:

Nawaheshimu waliotangulia, lakini naona mnapima kila kitu isipokuwa kile kinachomsukuma mtu kubeba silaha. Tarehe 17 Julai 2022, katika jumba la maduka la Greenwood, Indiana, mtu aliingia na bunduki akaua watu watatu. Kijana wa miaka 22 aliyekuwa na bastola yake alimpiga risasi akamuua ndani ya sekunde kama 15 tangu mauaji yaanze. Wangapi wangekufa kama kijana yule angeiacha bastola nyumbani? Kila aliyetoka hai mle ndani ana jibu la swali la ndugu Msomaji Makini.

Pili, wastani haunihusu. Mimi sinywi pombe, nafanya mazoezi, nimepitia mafunzo, na silaha yangu naifungia. Jimbo la Texas huchapisha kila mwaka taarifa za hukumu za watu wenye vibali vya kubeba silaha, na ni sehemu ndogo mno ya wote wanaohukumiwa. Kwa nini nihesabiwe pamoja na mlevi anayeweka bunduki chini ya mto?

Tatu, na hili ndilo linaloniuma zaidi, mnamwambia nini mwanamke anayetishiwa na mwanamume mwenye nguvu maradufu yake? Mnamwambia apige simu na asubiri? Bastola ndicho chombo pekee kinachomfanya mtu wa kilo hamsini asimame sawa na mtu wa kilo mia. Kumnyima, halafu kumwonyesha majedwali ya takwimu, ni ukatili.

---

Muuguzi wa Zamu ya Usiku amejibu:

Ndugu Haki ya Kujihami, hoja yako ya tatu ni nzito na nitairudia. Kwanza naomba niseme jambo ambalo kila mmoja hapa amelipita kana kwamba halimo katika swali, ingawa aliyeuliza alisema wazi: nani atakuwa hai baada ya miaka kumi.

Mwaka 2021 watu 48,830 walikufa kwa bunduki nchini Marekani, na 26,328 kati yao walijiua. Zaidi ya nusu. Tunapozungumzia bunduki na usalama, tunamwona mtu mwenye barakoa dirishani, ilhali kwa wingi wa vifo mtu wa kuogopewa zaidi ni mwenye bunduki mwenyewe katika usiku mmoja mbaya. Nimehudumia watu wengi waliojaribu kujiua kwa vidonge. Wengi wao huamka, na wengi wa wanaoamka hushukuru kwamba wameamka. Wengine huniambia kwamba wazo lile liliwajia na kuwatawala kwa muda usiofika hata saa nzima. Wanaojaribu kwa vidonge huokoka kwa kiwango kikubwa sana. Wanaojaribu kwa bunduki, karibu tisa kati ya kumi hufa. Kinachotofautiana ni chombo kilichokuwa karibu na mkono, wala si ukubwa wa huzuni.

Utafiti wa David Studdert na wenzake, uliochapishwa mwaka 2020, uliwafuata watu wazima zaidi ya milioni 26 wa California kwa miaka kumi na miwili. Wanaume waliomiliki bastola walijiua kwa bunduki kwa kiwango cha mara nane ya wanaume wasiomiliki, na wanawake mara 35. Mtu ataniambia kwamba waliinunua wakiwa tayari na nia hiyo. Ni kweli kwa baadhi yao, kwa kuwa hatari ilikuwa kubwa mno mara tu baada ya kununua. Lakini zaidi ya nusu ya vifo hivyo vilitokea baada ya mwaka mmoja na kuendelea. Walinunua kwa sababu nyingine, labda hiyohiyo ya kujihami, na huzuni ikaja baadaye ikaikuta bastola ikiwa tayari.

Anayesema kwamba mwenye kutaka kufa atapata njia nyingine tu, aangalie jeshi la Israeli. Mwaka 2006 jeshi hilo liliwazuia askari kwenda nyumbani na bunduki zao mwishoni mwa wiki. Kujiua miongoni mwa askari vijana kulipungua kwa karibu asilimia 40, na upungufu huo ulikuwa katika siku za mwisho wa wiki. Askari walikuwa walewale, huzuni ni zilezile, na hawakuhamia kwenye njia nyingine kwa idadi iliyotarajiwa.

Sasa nirudi kwa mwanamke uliyemtaja. Kundi hilohilo la Studdert lilichapisha mwaka 2022 utafiti juu ya watu wasiomiliki bastola ila wanaishi nyumba moja na mwenye kumiliki. Watu hao waliuawa kwa kiwango cha zaidi ya mara mbili ya wale wanaoishi katika nyumba zisizo na bastola, na walipigwa risasi na kuuawa na mume, mke au mpenzi kwa kiwango cha mara saba; wengi wa waliouawa hivyo walikuwa wanawake. Hakukuwa na dalili yoyote kwamba waliuawa na watu baki kwa uchache zaidi, na hicho ndicho kinga ile ilichonunuliwa kuzuia. Kabla ya hapo, mwaka 2003, Jacquelyn Campbell na wenzake walichunguza miji 11 wakakuta kwamba mwanamume mnyanyasaji anapoweza kupata bunduki, uwezekano wa mwanamke kuuawa huongezeka zaidi ya mara tano. Unasema bastola humsawazisha wa kilo hamsini na wa kilo mia. Humsawazisha pale tu anapoifikia yeye kwanza, akiwa macho, na akiwa tayari kumpiga risasi mtu aliyezaa naye. Mwenzake hana kizuizi hicho.

Sisemi apige simu tu na asubiri. Ninachosema ni kwamba silaha ya kwanza ya kushughulikiwa ni ile aliyonayo anayemtisha. Mwaka 2024, katika kesi ya Rahimi, Mahakama Kuu ya Marekani, ambayo miaka miwili kabla ilipanua haki ya kubeba bastola hadharani katika kesi ya Bruen, iliamua kwa kura nane dhidi ya moja kwamba mtu aliyewekewa amri ya mahakama kwa kuwa tishio kwa mwenzi wake anaweza kuzuiwa kumiliki bunduki.

---

Msomaji Makini ameandika:

Nashukuru kwa majibu haya. Nimekwama mahali pamoja. Ndugu Haki ya Kujihami anasema anaifungia silaha yake, na kwa maelezo ya Muuguzi hilo ndilo la busara. Lakini Mkufunzi ametuonyesha kwamba hata bastola iliyo kiunoni mara nyingi huchelewa. Je, iliyo ndani ya kasha la chuma, risasi zake zikiwa mahali pengine, inakuwa bado ni ya kujihami?

---

Mkufunzi wa Shabaha amejibu:

Umegusa penyewe. Bastola iliyo tayari kwa ajili yako iko tayari kwa kila mtu: kwa mtoto anayepekua, kwa mgeni, kwa mwizi, na kwako wewe mwenyewe siku usiyokuwa wewe. Kadiri unavyopunguza hatari yake kwa watu wa nyumbani ndivyo unavyopunguza pia manufaa yake dhidi ya anayevunja mlango. Kuna makasha yanayofunguka kwa alama za vidole, nami huyapendekeza, lakini yanamzuia mtoto na mgeni, hayamzuii mwenye kidole.

Anayebeba nje ya nyumba naye ana tatizo la mahali asiporuhusiwa kuingia na silaha, kwa hiyo huiacha garini. Nchini Marekani bunduki zaidi ya milioni 1 ziliibwa kutoka kwa raia kati ya mwaka 2017 na 2021. Hapo bastola iliyonunuliwa kumzuia mhalifu inakuwa ya mhalifu, na hakuna aliyefyatua hata risasi moja.

Na juu ya Greenwood, kijana yule alifanya kazi ya kishujaa, sina la kupunguza. Ila tarehe 21 Juni 2021, mjini Arvada, Colorado, mtu mwingine shujaa vilevile alimpiga risasi mshambuliaji aliyekwisha kumuua askari polisi, kisha akaiokota bunduki ya mshambuliaji yule. Askari aliyefika baadaye alimwona mtu mwenye bunduki mkononi, akampiga risasi akamuua. Visa hivi viwili huwasimulia wanafunzi wangu siku moja, kwa kufuatana.

---

Haki ya Kujihami amejibu:

Sijashawishika kuacha kubeba. Naendelea kuamini kwamba mtu aliyejiandaa yuko mahali pazuri kuliko asiyejiandaa, na sioni kwamba utafiti wa mamilioni ya watu unaweza kunieleza mimi. Hata hivyo suala la kujiua sikuwa nimelitafakari kama alivyolieleza Muuguzi, na nakiri kwamba tahadhari zangu zote zinawalenga wengine. Hakuna hata moja inayonilenga mimi. Mtu mwenye silaha afanye nini akijiona anaingia katika kipindi kibaya, au akimwona mwenzake hivyo?

---

Muuguzi wa Zamu ya Usiku amejibu:

Silaha itoke ndani ya nyumba kabla hali haijawa mbaya, na itoke yote pamoja na risasi. Sheria hutofautiana, hivyo kwanza ulizeni nani anaruhusiwa kuipokea. Katika baadhi ya maeneo ya Marekani wauzaji wa bunduki na vituo vya polisi hukubali kuitunza kwa muda, na Colorado imewahi kutoa ramani ya maeneo hayo. Kubalianeni mapema, mkiwa wazima wa moyo, ni nani atakayekuja kuichukua na kwa neno gani atakaloambiwa, maana aliye katika giza lile hataomba mwenyewe. Na iandikwe kwamba hairudishwi kwa ombi la mwenyewe peke yake. Awepo mtu mwingine mnayemwamini wote wawili atakayekubali.

---

Mkufunzi wa Shabaha amejibu:

Kuanzia darasa lijalo nitaweka hilo katika saa ya kwanza, kabla hawajaishika bastola. Ndugu Muuguzi, ukiwa na maneno mafupi ambayo mtu anaweza kumwambia rafiki yake bila kumdhalilisha, naomba uyaandike hapa.

---

Muuguzi wa Zamu ya Usiku amejibu:

Mimi huwaambia waseme hivi: "Naona mambo yamekulemea. Naomba nikutunzie bastola hadi yatulie, nawe ungenifanyia hivyohivyo." Kisha wanyamaze, wasubiri jibu, na wasiondoke bila kuuliza waziwazi kama amewaza kujiua. Kuuliza hakumpandikizii mtu wazo hilo; wengi niliowauliza walionekana kupata nafuu kwamba hatimaye kuna aliyelitaja.